Adabu ya Msomi Mbele ya Kamati

Saa mbili na nusu asubuhi mtu mmoja anafika kwenye jengo la Kamati. Miadi yake ni saa tatu. Amewahi kwa sababu anataka kutulia, aweke mawazo sawa, aonekane mtu wa maana. Amejiandaa kwa muda mrefu: amejifunza lugha ya Kamati, maana shughuli zake haziendeshwi kwa Kiarabu, na amepitia elimu za kila aina kwa kuwa hajui ataulizwa nini. Anasubiri koridoni karibu na mzee anayelinda mlango. Saa tatu inafika, inapita, naye yupo palepale. Yote haya anatusimulia mwenyewe kwa sauti ya karani anayeandika kumbukumbu za kikao, na hasira haimpandi hata mara moja.

Ndivyo inavyoanza Al-Lajna, yaani Kamati, riwaya ya Mmisri Sonallah Ibrahim iliyotoka mwaka 1981. Ni kitabu chembamba, cha kusomwa kwa siku moja. Msimulizi hana jina. Kamati nayo haina jina wala anwani, hatuambiwi inafanya kazi kwa niaba ya nani, na wajumbe wake tunawatambua kwa alama za nje tu: yupo afisa wa jeshi, yupo bibi mzee, yupo mwenye nywele za dhahabu, yupo Mfupi. Tangu kitabu kitoke, wasomaji wamekuwa wakiulizana Kamati ni nani. Wapo wanaosema ni ujasusi wa kigeni, wapo wanaosema ni makampuni makubwa ya kimataifa, wapo wanaosema ni serikali ya Anwar Sadat yenyewe. Kila jibu lina ushahidi wake kitabuni. Lakini ukishikilia swali hilo peke yake, ufundi wa riwaya unakupita. Tashtiti ya kitabu hiki imewekwa mahali pengine: katika adabu ya mtu anayesimulia. Mwandishi amempa msomi uwanja wote, amwache aseme kwa lugha yake safi aliyoisomea, na kwa kusema huko ndiko anakojianika.

Tukitaka kuona uzito wa uamuzi huo, tuangalie alikotoka mwandishi. Sonallah alizaliwa Cairo mwaka 1937. Mwaka 1959, serikali ya Gamal Abdel Nasser ilipowasaka wakomunisti, alikuwa miongoni mwa waliokamatwa, na hakutoka mpaka 1964. Riwaya yake ya kwanza, Tilka al-Ra'iha, ilizuiwa mara tu ilipochapwa mwaka 1966. Humo yupo kijana aliyeachiwa kutoka gerezani ambaye kila usiku polisi humgongea mlango ili atie saini daftari kuthibitisha kwamba yupo nyumbani. Sentensi zake ni fupi, kavu, hazina pambo: nilivua viatu, niliwasha sigara, nilitoka, nilirudi, kwa mtindo wa namna hiyo mwanzo hadi mwisho. Yahya Haqqi, mmoja wa wakubwa wa fasihi ya Misri, alichukizwa na jinsi kijana huyo alivyoanika mambo ya mwili bila stara, na akaandika hivyo gazetini. Ukavu ule ulikuwa ni uamuzi: mtu aliyetoka katika mateso hana imani tena na maneno makubwa.

Miaka 15 baadaye, katika Al-Lajna, mambo yamegeuka. Sentensi zimerefuka, zimejaa vishazi vya kuomba radhi, vya kutambua hekima ya wajumbe, vya kupima neno kabla ya kulitamka. Msimulizi hawezi kusema jambo bila kulizungushia ua wa heshima. Wanaomfahamu Sonallah kwa ule ukavu wa mwanzo hushangaa wakidhani amebadili mkono. Mkono ni uleule, aliyebadilika ni msomi wa Misri, na mwandishi amemfuata hadi katika sarufi yake.

Kilichombadilisha ni siasa. Baada ya vita vya Oktoba 1973, Sadat alifungua milango ya uchumi kwa mitaji ya nje, sera iliyojulikana kama Infitah, na mwaka 1974 ikapata sheria yake. Januari 1977 bei za vyakula zilipopandishwa watu walimiminika mitaani, jeshi likatolewa. Septemba 1978 yakaja makubaliano ya Camp David, na Machi 1979 mkataba wa amani na Israel. Coca-Cola, ambayo nchi za Kiarabu zilikuwa zimeisusia tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, ikarudi Cairo. Wasomi waliokuwa wakiandika juu ya ujamaa na umoja wa Waarabu walijikuta njia panda: wapo waliohamia Baghdad, Beirut au Ghuba, wapo waliofungwa, na wapo waliokaa wakatafuta namna ya kuendelea kula. Kundi hili la mwisho ndilo linalokuja mbele ya Kamati saa mbili na nusu, kabla hata ya kuitwa.

Hapo tunaona tofauti kubwa kati ya kitabu hiki na Kesi ya Franz Kafka, ambayo wahakiki hawachoki kuilinganisha nacho. Josef K. anakamatwa kitandani asubuhi bila kujua kosa lake. Mkono wa dola unamfuata alipo. Msimulizi wa Sonallah amekwenda kwa miguu yake. Hakuna aliyemkamata, na baadaye, mambo yanapomwendea kombo, Kamati haikosi kumkumbusha hilo. Kafka alihitaji msimulizi wa nafsi ya tatu ili tumwone mtu akizungukwa. Sonallah alihitaji nafsi ya kwanza kwa sababu jela aliyotaka kuichora imejengwa kwa sauti ya mfungwa mwenyewe.

Tazama tukio la kucheza ngoma. Msimulizi ameingia chumbani, ameketishwa mbele ya meza ndefu, na baada ya maswali ya awali anaulizwa kama anajua kucheza. Anajibu kwamba anajua. Wanamwambia acheze. Anafungua tai yake shingoni, anaifunga kiunoni juu ya nyonga kama wafanyavyo wachezaji wa kike wa Cairo, na anaanza kukatika. Kisha wanamtaka avue nguo, wanamkagua mwili na kumhoji juu ya udhaifu wake wa faragha, ambao tayari umo katika faili lao.

Mwandishi mwingine angetupa hapa machozi, au kicheko kikubwa. Sonallah ametupa maelezo ya kazi. Msimulizi anatueleza alivyoifunga tai na kwa nini pale na si pengine, kwa uangalifu uleule aliotumia kueleza maandalizi yake ya masomo. Hasemi ameaibika. Kwake ngoma ni swali jingine katika mtihani, na alama anazitaka. Aibu yote, kwa sababu yeye ameikataa, inahamia kwa anayesoma. Msimulizi anapunguza hisia katika sentensi hadi zinakaribia kwisha, na sisi tunalazimika kuzibeba kwa niaba yake. Nakumbuka niliposoma ukurasa ule kwa mara ya kwanza nilitazama pembeni, kana kwamba nimemfumania mtu ninayemheshimu.

Halafu linakuja swali lenyewe: karne ya ishirini itakumbukwa na vizazi vijavyo kwa jambo gani? Msimulizi anapima majibu kwa sauti. Anamtaja Marilyn Monroe, anayataja mafuta ya Waarabu, anazitaja safari za anga, na kila kimoja anakiondoa kwa sababu maalumu: hiki kitapita, kile kitakauka, kingine hakijawagusa watu wote. Mwisho anatoa jibu lake, Coca-Cola, na kulitetea kwa hotuba ndefu ambayo ndiyo moyo wa nusu ya kwanza ya kitabu.

Hotuba hiyo inastahili kusomwa polepole. Imejengwa kwa ukweli wa hadharani: kinywaji kilichotengenezwa na mfamasia wa Atlanta mwaka 1886, umbo la chupa, mbinu za matangazo, kuenea kwake duniani pamoja na majeshi na biashara ya Marekani, ukaribu wa kampuni na wanasiasa wakubwa, akiwamo Jimmy Carter aliyetoka jimbo hilohilo la Georgia. Hakuna tusi hata moja. Hakuna neno ubeberu lililotupwa mezani. Msimulizi anasifu. Anasema chupa hii imefika kila pembe ya dunia, imeunganisha watu wasiokubaliana kwa lolote lingine, haitikiswi na mabadiliko ya serikali. Mjumbe wa Kamati akitafuta pa kumkamata hapaoni, kwa kuwa kila sentensi ni pongezi. Msomaji wa Misri wa mwaka 1981 naye akizisikia sentensi hizohizo anapata mashtaka kamili ya uchumi wa nchi yake.

Huo ndio ufundi ninaouthamini kuliko wote katika riwaya hii: maneno yaleyale yanakwenda kwa wasikilizaji wawili kwa wakati mmoja, na hayabadiliki hata herufi. Katika kinaya cha kawaida mwandishi hutukonyeza, tukajua anamaanisha kinyume. Hapa hakuna kukonyeza. Hatujui kama msimulizi mwenyewe anatambua anachokisema. Huenda ni shujaa anayepenyeza ukweli chini ya pua za wakubwa. Huenda ni mtu anayetaka tu kuwapendeza kwa jibu la werevu, na ukweli umemtoka bila kukusudia. Kitabu hakiamui, na kwa kutoamua kinatugusa penyewe, maana msomi anayeishi chini ya udhibiti huzoea kusema kwa namna hiyo hadi asijue tena ni lini anapinga na ni lini anajipendekeza. Anapoulizwa juu ya piramidi, katika miaka ambayo Menachem Begin, waziri mkuu wa Israel, alikuwa akidai kwamba mababu zake Wayahudi ndio waliozijenga, msimulizi anaibuka na nadharia kwamba Khufu mwenyewe huenda alikuwa Mwisraeli kwa siri. Ni mzaha? Ni woga? Sauti haibadiliki, kwa hiyo hatuna pa kushika.

Ufasaha wa namna hii una ukoo mrefu katika Kiarabu. Makama za al-Hamadhani katika karne ya 10, na za al-Hariri karne moja baadaye, zinamzunguka mtu mwerevu wa maneno anayetembea mji hadi mji akiuza ufasaha wake apate chakula. Kila anapofika huvaa sura mpya, leo mhubiri, kesho mlemavu, keshokutwa faqihi, na watu humlipa kwa uzuri wa lugha hata wanapogundua wamedanganywa. Muhammad al-Muwaylihi aliirudisha mbinu hiyo mwanzoni mwa karne iliyopita katika Hadith Isa ibn Hisham, akamtumia pasha aliyefufuka kaburini kuikagua Cairo ya chini ya Waingereza. Msimulizi wa Sonallah ni mjukuu wa mtu huyo wa makama, na kilichobadilika ni soko. Yule wa zamani aliwachezea wasikilizaji wake kisha akaondoka na fedha. Huyu wa sasa anachezewa yeye, na fedha haioni. Hata mlinzi wa mlango haoni haja ya kumweleza atasubiri mpaka lini.

Kwa upande wa kejeli juu ya wasomi, mfano ulio karibu zaidi ni wa Naguib Mahfouz. Mwaka 1966, mwaka uleule wa Tilka al-Ra'iha, Mahfouz alitoa Thartharatun fawq al-Nil, ambamo kundi la mwanasheria, mwandishi, mhakiki, mwigizaji na wenzao hukutana kila usiku kwenye nyumba inayoelea juu ya Nile wakivuta hashishi na kuzungumza. Anayewahudumia ni Anis Zaki, mtumishi wa wizara. Mwanzoni kabisa mkurugenzi wake anamwita ofisini na kumwonyesha ripoti aliyoiwasilisha: kurasa zinaanza kwa wino, kisha maandishi yanafifia, kisha ni karatasi tupu. Kalamu iliishiwa wino naye akaendelea kuandika bila kuona.

Nimeitaja ripoti ile kwa sababu ukiiweka kando ya hotuba ya Coca-Cola unaona jinsi waandishi wawili wa mji mmoja walivyoufikia ugonjwa uleule kwa njia mbili. Msomi wa Mahfouz ana ripoti tupu, amejitoa, na akili yake inaelea kutoka kwa mafarao hadi moshi wa shisha. Msomi wa Sonallah ana ripoti iliyojaa kupita kiasi, ana tarehe, ana majina, ana hoja. Mahfouz anategemea mazungumzo. Sauti nyingi zinapishana, na upuuzi wao unajulikana kwa kusikilizana. Wanapomgonga mtu barabarani usiku kwa gari na kukimbia, gumzo linavunjika na maadili yanadai deni lake. Sonallah hana kundi. Amemwacha mtu mmoja na sauti yake, bila rafiki wa kumwambia nyamaza, bila mwanamke kama yule mwandishi wa habari Samara Bahgat anayewachunguza wengine na kuandika daftarini. Msomaji ndiye anayebaki na kazi ya Samara.

Nusu ya pili ya riwaya inaanza kwa telegramu. Kamati inamtaka aandike utafiti juu ya Mwarabu anayeng'ara kuliko wote katika zama hizi. Hapa Sonallah anafanya jambo ambalo waandishi wachache wanalithubutu: anaigeuza kazi ya utafiti kuwa kisa. Msimulizi anapekua majina, anatafuta vigezo, na anamchagua mtu anayeitwa tu Daktari, ambaye jina lake lipo kila mahali: katika siasa, katika biashara, katika sherehe, katika magazeti. Anakwenda kwenye hifadhi za magazeti. Faili halina kitu. Anatafuta matoleo ya zamani, anakuta kurasa zimekatwa. Anajaza kadi, anazipanga, anaanza kuona uhusiano kati ya kupanda kwa Daktari na bidhaa zinazoingia nchini, kati ya kauli zake za kimapinduzi za jana na mikataba yake ya leo.

Sonallah aliishi hivyo. Alifanya kazi katika mashirika ya habari, Cairo na kisha Berlin Mashariki, na kukata vipande vya magazeti na kuvihifadhi kulikuwa tabia yake ya miaka mingi. Kwa hiyo anajua taharuki iliyomo katika karatasi iliyokatwa. Katika hadithi ya upelelezi maiti ndiyo inayoanzisha kisa. Hapa kisa kinaanzishwa na shimo la mstatili katika ukurasa wa gazeti, lililokatwa kwa mkasi nadhifu, na msimulizi akitafuta toleo jingine la tarehe ileile ili aone kilichokuwapo. Na kadiri anavyotafuta, sauti yake inaanza kubadilika. Zile sentensi za kuomba radhi zinapungua. Kwa mara ya kwanza anafanya jambo kwa kulipenda, na tunamwona anasahau kumwogopa aliyemtuma.

Wasomaji wa Kiswahili wana kitabu cha kukiweka karibu na sehemu hii, nacho ni Makuadi wa Soko Huria cha Chachage Seithy Chachage kilichotoka mwaka 2002. Chachage, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, naye aliingiza utafiti mzima ndani ya riwaya, akasimulia kufunguliwa kwa soko la Tanzania kwa nyaraka, historia na hoja, huku wasomi wakiwa miongoni mwa wanaohukumiwa. Wapo waliolalamika kwamba riwaya isiwe mhadhara. Lalamiko hilo linamhusu Sonallah pia, na halikosi msingi: anapofika mbele ya Kamati kwa mara nyingine na kueleza matokeo ya utafiti wake, maelezo yanarefuka kuliko kisa kinavyoweza kubeba, na kwa kurasa kadhaa tunamsikia mwandishi badala ya mtu wake. Ni pale tu ambapo ukweli unasemwa kwa mtu fulani, kwa hofu fulani, ndipo takwimu zinapata damu. Hotuba ya Coca-Cola ina hofu hiyo. Ile ya pili imeipoteza kwa sehemu.

Kati ya hotuba hizo mbili yupo Mfupi. Kamati imemtembelea msimulizi nyumbani usiku, imeziona kadi, imemshauri kwa upole abadili mada, na imemwachia mjumbe mmoja wa kukaa naye mpaka afikie uamuzi. Mfupi anakula naye, analala naye kitanda kimoja, anamfuata hadi chooni. Mwendo wa simulizi hapa unapungua ghafla. Kurasa zilizopita zilikuwa zinaruka miezi, sasa tunahesabu dakika: nani amekaa wapi, nani ameshika nini, mlango upo nusu wazi au umefungwa. Msimulizi anajaribu kuendelea kuwa mwenyeji mwema. Anamkaribisha chai, anamtengea mahali. Adabu ileile iliyomfaa chumbani kwa Kamati sasa inakosa pa kukaa, kwa sababu hakuna adabu inayoweza kustahimili mtu anayekutazama ukiwa chooni. Kisha jikoni kuna kisu.

Kuna wanaoliona tendo lile kama kilele cha uasi. Sidhani. Ukisoma sentensi zenyewe utaona hazina ushindi. Anaua kama alivyocheza, bila maelezo ya moyoni, na ufundi wa mwandishi ni kutupa mauaji na ngoma kwa toni moja ili tusipate nafasi ya kushangilia. Kamati nayo inajibu kwa taratibu zake: inaomboleza, inapokea rambirambi, inaketi kuhukumu, na inamhukumu adhabu kali kuliko zote ilizonazo. Ajile mwenyewe.

Kabla ya kuitekeleza, anatoka mitaani, na hapa kitabu kinapumua hewa ya nje kwa mara ya kwanza. Anapanda basi mojawapo ya yale ya Kimarekani ambayo watu wa Cairo waliyabandika jina la Carter. Ndani, jitu la mtu linamsumbua mwanamke, mwanamke analalamika, abiria wote wanatazama dirishani. Msimulizi anasema neno. Anaambulia mkono ulioumizwa. Nasikitika kwamba mwanamke yule hakupewa zaidi ya kazi ya kuanzisha ugomvi. Haya mambo ya kuwatumia wanawake kama kichocheo yapo kwa Sonallah wa miaka hiyo, na alihitaji muda kuyaacha. Lakini tukio lina kazi yake. Msomi huyu ambaye alizungumza kwa ufasaha mbele ya wenye nguvu kwa kurasa mia hajapata hata abiria mmoja wa kumuunga mkono kwenye basi. Lugha aliyojifunza kwa bidii ilikuwa ya Kamati. Ya basi hakuwa nayo.

Sonallah mwenyewe aliwahi kusimama mbele ya kamati ya kweli. Oktoba 2003, katika jumba la opera la Cairo, alitangazwa mshindi wa tuzo ya riwaya ya Kiarabu inayotolewa na Baraza Kuu la Utamaduni la Misri, yenye thamani ya pauni 100,000 za Misri. Jopo la waamuzi liliongozwa na Tayeb Salih, Msudani aliyeandika Msimu wa Kuhamia Kaskazini, mtu ambaye hakuna wa kumtilia shaka. Sonallah alipanda jukwaani, waziri wa utamaduni akiwa ukumbini, akasoma kauli aliyokuja nayo na kuikataa tuzo, akisema serikali inayoitoa haina uhalali wa kuitoa. Wapo waliosema alipaswa kukataa kimya, kwa barua. Mimi naona alitumia jukwaa kwa namna ambayo msimulizi wake hakuweza: alikubali kuitwa, akafika, akatumia lugha nadhifu ya hafla, na akamaliza sentensi. Alifariki Agosti 2025 akiwa na umri wa miaka 88, na tukio lile lilitajwa karibu kila alipokumbukwa, mara nyingine kabla ya vitabu vyake. Ni haki yake, ingawa vitabu ndivyo vilivyomfundisha namna ya kulifanya.

Msimulizi wa Al-Lajna anaipata sauti hiyo pia, ila amechelewa. Amerudi nyumbani, mkono unauma, anachukua kinasa sauti na kurekodi yale aliyopaswa kuyasema siku ya kwanza: kwamba kosa lake lilikuwa kusimama mbele yao badala ya kusimama dhidi yao, na kwamba Kamati kama hiyo, kwa jinsi inavyokua, itafikia wakati ambapo nguvu zake zitapungua. Ni mara pekee kitabuni ambapo sentensi zake hazina ua wa heshima. Hazina msikilizaji vilevile. Kisha anaweka muziki aupendao, anakaa hadi alfajiri, na anaanza kutekeleza hukumu kwa kuanzia na mkono ulioumia.

Wengi wameumaliza usomaji wao hapo, kwenye tendo hilo la kutisha, wakijadili kama ni kushindwa au ni ukaidi. Mimi nimevutiwa zaidi na alichokifanya mwandishi baadaye. Mwaka 1992 alitoa Dhat, riwaya ya mwanamke wa tabaka la kati wa Cairo chini ya Nasser, Sadat na Mubarak. Humo sura za kisa zinapishana na sura nzima za vipande vya magazeti: vichwa vya habari, matangazo, kashfa za mabenki, kauli za mawaziri, vimepangwa kimoja baada ya kingine bila msimulizi kuvisemea chochote. Zile kadi ambazo Kamati ilizikuta chumbani kwa msomi zimechapishwa hatimaye, na msomi wa kuzieleza hayupo tena. Sonallah alikuwa ameona kwamba ukweli ukipitia kinywani mwa mtu anayetaka kupendeza hutoka na adabu yake, na akaamua kuuacha uende kwa msomaji kama ulivyotoka gazetini, na tarehe zake.